Bettie Anatafutiwa Mchumba

Naapa kwa chungu hiki cha miguu mitatu, kwa kondoo aliyemo ndani yake, na kwa jino la dhahabu la marehemu baba mkwe wangu, kwamba haya yote ni kweli tupu. Chumvi iliyopo ni ile ya chunguni.

Kwenye safu yetu ya kambi ya likizo ya Skulpiesbaai, ufukweni, kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na ndiyo pekee inayofuatwa. Mtu akitaka kusimulia wakati chungu kinachemka, sharti aweke rehani kwanza, na rehani yenyewe ni kazi. Basi siku ya pili ya Krismasi, mimi Awie Slingers, mstaafu wa kiwanda cha matunda makavu cha Barrydale, nilisimama na upawa mkononi nikatangaza: nikinaswa na uongo hata wa ukubwa wa kokwa ya zabibu, nitabeba ndoo za vyoo vya karavani zote za safu hii na kuzimwaga kila asubuhi mpaka Mwaka Mpya.

Watu wakapiga makofi. Mke wangu Doreen akafunika uso kwa kitambaa cha mezani. Mama yake, Ouma Traatjie Februarie (Ouma kwetu ndiyo bibi), akasogeza kiti.

"Haya, mkwe," akasema. "Anza. Leo nimekuja na masikio yote mawili."

Nami nikaanza, hivi hivi ninavyoandika.

Bettie ni karavani ya Ouma. Ni nyumba ya magurudumu mawili, mgongo wa mviringo kama mkate, rangi ya maziwa yaliyokaa sana. Doreen alizaliwa ndani yake, kwenye kitanda kile kile ambacho mchana hukunjwa kuwa meza. Kila tarehe kumi na sita Desemba Bettie huvutwa kutoka Barrydale, akapita kona za mlima Tradouw, akateremka hadi baharini na kukaa kiwanja namba saba.

Kiwanja hicho ndicho kisa chenyewe. Enzi zile za ubaguzi mchanga laini ulikuwa wa watu weupe, sisi tukaachiwa upande wa mawe. Marehemu mumewe, Oupa Februarie, aliyang'oa mawe ya namba saba moja moja kwa mikono yake, akabakiza moja tu la kukalia. Ouma hukaa juu ya jiwe hilo kila asubuhi ya Krismasi, akanywa kahawa yake, akampasha marehemu habari za mwaka mzima: nani kaoa, nani kafa, nani bado hajarudisha sufuria.

Lakini kambi ina kanuni. Kengele ya saa sita mchana ikilia tarehe kumi na sita na magurudumu yako hayajagusa kiwanja chako, kiwanja si chako tena, mwaka huu wala mwakani. Kinakwenda kwa anayefuata kwenye foleni. Na aliyekuwa akifuata, miaka na miaka, ni Hennie Julies, fundi mabomba, jirani yetu wa Barrydale. Kila msimu yeye hupewa kiwanja kando ya mabafu, akachungulia namba saba kama paka anayechungulia bucha.

"Nipo hapa nakusikia, Oom Awie," akasema Hennie kutoka upande wa pili wa moto; Oom kwetu ni mjomba.

"Ndiyo maana nasema kwa sauti," nikamjibu.

Sasa, mwezi wa Oktoba gari letu lilikata roho mbele ya posta. Lilikohoa mara moja, likatema kitu chenye umbo la kijiko, likanyamaza. Ikabidi litafutwe lingine: lililotumika, la familia, la kumvuta Bettie mlimani. Mimi nilishajua ninachotaka.

"Nguvu," nikamwambia Ouma. "Injini kubwa. Mengine ni mapambo."

"Kuvuta si kazi," akasema Ouma. "Hata punda anavuta. Kazi ni kusimama. Wewe ukiwa kwenye mteremko wa Tradouw na Bettie anakusukuma mgongoni, utasimama na nini, na hiyo nguvu yako?"

Nikataka kujibu, lakini akainua kidole.

"Na tena hakuna gari litakaloondoka na Bettie bila kukaa naye kwanza. Mshumaa utawashwa."

Kwetu zamani kijana akija kuchumbia, mama wa binti aliwasha mshumaa. Kijana alikaa na binti sebuleni, na mshumaa ukizima, ananyanyuka na kofia yake anakwenda. Mama akimpenda, mshumaa mrefu. Asipompenda, kipande. Mimi nilipokuja kwa Doreen nilipewa kipande kilichokwisha kabla sijamaliza kuuliza hali ya baba. Mara ya pili nilikuja na chumvi mfukoni, maana utambi ukinyunyiziwa chumvi huwaka kwa uvivu. Ndivyo nilivyooa.

"Ouma," nikasema, "Bettie ni bati na mbao."

"Na wewe ni nyama na kelele. Nilikuwashia mshumaa hata hivyo."

Boetie Windvogel, anayeuza magari yaliyotumika kando ya kanisa, akafanywa mshenga. Jumapili ya kwanza baada ya ibada alimleta mchumba wa kwanza uani: gari la rangi ya fedha, la chini, limeng'arishwa mpaka kuku walijiona wakakimbia. Ndani lilikuwa na mwanamke asiyeonekana anayetoa maelekezo.

Tukalifunga kwa Bettie. Papo hapo makalio yakashuka na pua ikainuka kama mbuzi anayenusa mvua. Taa zake, mchana kweupe, zikamulika jogoo wa chuma aliye juu ya mnara wa kanisa. Ouma akauchukua mshumaa, akautazama, akaukata kwa kisu cha mkate ukabaki wa urefu wa kidole gumba. Hata haujashika moto vizuri, lile gari likaanza kulia: wiii, wiii, wiii! Taa zinapepesa huku na huku. Yule mwanamke wa ndani akasema, "Geuka urudi ulikotoka."

"Umemsikia mwenyewe," Ouma akamwambia Boetie. "Na analia kabla ya harusi. Mpeleke kwao."

Jumapili iliyofuata likaja gari la mizigo la shamba la kondoo, lenye viti viwili mbele na viwili nyuma, kifua kama fahali. Hilo nililipenda. Lilisimama sawasawa na Bettie, usawa wa pimamaji ya fundi. Ouma akatoa mshumaa wa kawaida. Tukakaa kibarazani, tunakula mkate mtamu. Mshumaa ulipofika katikati, breki ya mkono ikatoa mlio kama mtu anayeguna, na gari likaondoka. Peke yake! Na Bettie nyuma! Likateremka polepole uani, likakata kona, likapita mbele ya kanisa kwa adabu, likaenda kusimama mbele ya baa ya hoteli, mahali pale pale mwenye shamba alipokuwa akiliegesha kila Jumamosi.

"Anatorosha mwali," akasema Ouma, "na anampeleka kilabuni. Hapana."

Likaja basi dogo la kwaya, likanywa tangi zima limesimama. Likaja jingine lililofukuzwa kabla ya kufungwa, kwa sababu Ouma alisema halimtazami mtu machoni. Novemba ikaisha. Hennie naye akaanza kupita mbele ya uzio wetu kila jioni na gari lake jipya, akipunguza mwendo.

"Mmepata, Oom?"

"Tunachagua."

"Chagueni taratibu. Nimeshanunua mwavuli wa kutosha kiwanja namba saba."

Ouma aliyasikia hayo. Jioni ile nilimkuta amesimama nyuma ya nyumba, kiganja juu ya bati la Bettie, kama mtu anayempima mtoto homa. Nikajua kwamba bila jiwe lile Krismasi ya mama huyu haipo, na nikaacha mzaha kwa muda wa kama dakika nzima.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari Boetie alikuja amevua kofia. "Limebaki moja tu," akasema. "Ni la mjomba wangu aliyestaafu. Lakini msinitukane."

Likaingia uani bila sauti: refu, jeusi, vioo virefu ubavuni, mapazia meupe yenye vishada. Gari la maiti.

"Mimi siendi ufukweni ndani ya hilo," akasema Doreen.

"Wote husema hivyo," akajibu Boetie, "na mpaka sasa hakuna aliyelalamika baadaye."

Kiungo cha kuvutia tela kilikuwepo nyuma, maana mjomba wake alikuwa akivuta kitoroli cha mashada ya maua. Tukalifunga. Halikushuka, halikuinuka. Ouma akalizunguka, akakanyaga breki mara kadhaa, akainama kutazama chini yake, akaingia ndani ya nyumba. Alitoka na mshumaa wa Pasaka, mrefu kama fimbo ya mchungaji.

Tukakaa. Kahawa ikanywewa, ikachemshwa nyingine. Kuku wakalala. Mshumaa ule uliwaka mpaka nta ikafanya ziwa, na gari lile halikutoa hata ule mlio wa bati linalopoa. Lilikaa pale limetulia, mapazia yamesimama wima, kama mgeni aliyekuja na sala.

Mshumaa ukazima. Ouma akafuta machozi.

"Huyu amezoea kungoja watu wamalize kulia," akasema. "Na miaka yote hiyo alipanda mlima wa makaburi na watu wazito, akashuka salama, hakuwahi kumrudisha hata mmoja. Bettie ameolewa."

Sasa njoo kwenye safari. Tarehe kumi na sita tulitakiwa kuondoka kabla ya jogoo, lakini tulisahau mtungi wa gesi, tukarudi. Tuliporudia mtungi tukasahau mapazia ya Bettie, tukarudi tena. Jua lilikuwa limepanda tulipoingia barabara kuu. Hennie alikuwa ameshapita zamani na karavani yake kubwa, akipiga honi.

Nilishika usukani kama mwanamume. Ouma kushoto, Doreen katikati, kiti cha mbele kimejaa. Gari likaingia Tradouw bila kuguna, na ukitaka kujua uzuri wa mlima ule, niulize mimi: mawingu yanapita juu kama kondoo, nyaya za simu zinashuka na kupanda, na nyani wamekaa juu ya jabali, vichwa chini na miguu juu, wananitazama.

Doreen akakohoa hapo. Nikampa maji, nikaendelea.

Tulikuwa hatujafika kona ya tatu nilipoona jambo. Gari lililokuwa mbele yetu likaegesha pembeni. Dereva akashuka, akavua kofia. Na lililofuata. Na lori la machungwa. Maana kwetu, msafara wa mazishi ukitokea, mtu mwenye mama aliyemlea husimama. Na sisi, mbele gari la maiti, nyuma nyumba nzima!

"Masikini," nikamsikia mama mmoja akisema tulipopita. "Wanamzika na nyumba yake."

"Hapana," akajibu mumewe. "Jeneza ndilo hilo la nyuma. Alikuwa mtu mkubwa."

Tukishawapita, wanawasha taa, wanaingia nyuma yetu. Hawakujua aliyekufa ni nani, lakini marehemu mkubwa namna ile aende peke yake? Lori la machungwa likaunga. Basi la wazee waliokuwa wakienda kuangalia maua likaunga. Bendi ya tarumbeta ya kanisa, iliyokuwa ikielekea mashindano ya Krismasi, ikaunga na kufungua madirisha, na tarumbeta zikaanza kulia wimbo wa maziko kona baada ya kona. Kufika chini ya mlima, mkia wa msafara wetu ulikuwa bado unapanda upande wa pili.

Halafu, matengenezo ya barabara. Mnajua mahali pale: mtu mmoja na kibao, upande mmoja kimeandikwa simama, upande wa pili pita, na ukikuta simama unaweza kuoa na kuachika kabla hakijageuka. Na mbele kabisa ya foleni, gari jipya na karavani kubwa. Hennie Julies.

Nikasema moyoni, tumekwisha. Yeye wa kwanza, sisi wa mwisho, na saa inakimbilia sita.

Lakini Hennie, na hili nalisema mbele yake, ni mtoto wa watu. Aliliona gari jeusi kwenye kioo chake, akajitoa barabarani, akaegesha kwenye changarawe. Waliokuwa nyuma yake wakamwiga, sisi tukapita mpaka mbele, tukasimama mbele ya yule mwenye kibao wakati akiita kwa redio. Hennie akashuka. Akavua kofia. Akaja mpaka kwenye gari letu, akabandika pua kwenye kioo ikawa bapa kama konokono juu ya jani, na machozi, naapa, machozi makubwa yakamshuka mpaka kwenye masharubu, yakachora mstari kwenye kioo.

Mwenye kibao akageuza pita. Tukaenda. Na msafara wote ukapita, gari kwa gari, na Hennie hakuweza kujipenyeza, kwa sababu hata mwizi hakatizi mazishi. Aliingia mwisho kabisa, nyuma ya trekta.

Tulifika lango la Skulpiesbaai mlinzi akiwa ameshashika kamba ya kengele. Alituona, akaiacha kamba, akapiga magoti. Bettie akaingia, magurudumu yakagusa namba saba, Ouma akakaa juu ya jiwe lake. Ndipo yule mlinzi akakumbuka kazi yake, ngo! ngo! ngo!, na waombolezaji wote wakadhani ni ya marehemu wakaanza kuimba.

Nami nikashuka kwenye usukani, nikanyoosha koti, nikawaeleza kwa upole kwamba hakuna msiba. Wakacheka, wakawasha moto, wakala, wakalala hapa hapa. Kisa kimekwisha, kila neno ni kweli. Pakueni nyama.

Hakuna aliyepakua. Hennie alikuwa ameinua mkono kama mtoto wa shule.

"Oom Awie. Swali dogo tu. Pua yangu uliiona bapa?"

"Kama konokono."

"Na machozi kwenye kioo."

"Nimeyahesabu karibu yote."

"Kioo kipi?"

Nikakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

"Maana mimi," akasema Hennie, akiwageukia watu, "sikuukaribia mlango wa mbele. Niliweka pua yangu kwenye kioo kirefu cha ubavuni. Kule nyuma. Penye mapazia. Palipolala mtu."

Ouma Traatjie akaanza kucheka kabla ya mtu mwingine yeyote, kicheko cha chini chini kilichotikisa kiti.

"Na wale nyani," akasema. "Vichwa chini, miguu juu. Dereva gani huyo anayetazama nyaya za simu, mkwe? Niliendesha mimi! Mimi niliyeendesha trekta la mapichi kabla mama yako hajakuota. Huyu alisema mgongo unamuuma, akanywa kidonge cha maumivu, akalala chali kule nyuma mikono kifuani."

"Nilimfunika kitambaa cha mezani," akasema Doreen, "kwa ajili ya nzi. Nikaacha uso ili apumue."

"Kitambaa cheupe," akaongeza Hennie, na sauti yake ikapungua kidogo. "Jamani, nilimwona pale na mdomo wazi. Nikasema, Oom Awie amekwenda, nami jana tu nilimtania habari za mwavuli. Nilimlilia kweli. Kiwanja sikukikumbuka hata kidogo. Halafu tunafika hapa, tunaimba ubeti wa pili, mlango wa nyuma unafunguka, maiti anakaa na kitambaa chake, anauliza kama kahawa iko tayari. Mpiga tuba, ile tarumbeta kubwa, mpaka leo hajarudi kwenye bendi."

Safu nzima ilikuwa imeinama kwa kicheko. Nilijaribu kusema kwamba dereva na abiria ni jambo la mtazamo. Ouma akaninyang'anya upawa.

"Sema, mkwe. Uongo au si uongo?"

"Kidogo," nikasema. "Wa ukubwa wa kokwa."

"Kokwa ndiyo uliyoapia."

Kwa hiyo asubuhi yake nilianzia kwa Hennie, kando ya mabafu, kwa sababu niliona ndiyo haki. Ndoo yake ilikuwa imejaa kwa namna ambayo nadhani ilipangwa. Nilimwambia, nikiwa nimeishika, kwamba Krismasi ijayo kahawa ya asubuhi ataijia kwetu, namba saba, na Ouma amekubali.

"Asante, Oom," akasema. "Polepole tu. Usije ukafa tena."

Nikaondoka na ndoo mbili, moja kila mkono, nikipita katikati ya safu. Mzee wa karavani ya kwanza aliniona nakuja. Akasogea pembeni. Akavua kofia. Wa pili akasimama, akavua yake. Mama mmoja akazima redio. Mahali fulani nyuma ya mabafu tarumbeta ikaanza wimbo ule ule, na nilipogeuza shingo kwa uangalifu, ili nisimwage, niliona wameshajipanga nyuma yangu, wawili wawili, vichwa chini, Hennie mbele na taa ya tochi ameiwasha mchana, wananisindikiza chooni.